"Mtu wa benki" akikupigia, kata kwanza

Jamani, wenye kadi za Visa hapa Kampala, sikieni. Juzi nilikuwa soko la Kikuubo nahesabu katoni za sabuni, simu ikaita. "Mzee, kadi yako inatumika Dubai sasa hivi, tuifunge?" Akanitajia jina langu na tarakimu nne za mwisho za kadi. Nikalainika. Kumbe hizo nne huchapwa kwenye risiti ya supamaketi, ile tunayoitupa mlangoni! Nikamsomea zile tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi, kisha na namba iliyoingia kwa meseji. Shilingi 740,000 zikayeyuka, na sabuni nikachukua kwa mkopo.

Kufunga kadi hakuhitaji namba ya meseji wala zile tatu. Hizo ni za kulipia. Akiziuliza tu, kata, hata akiwa na sauti tamu kama ya yule wangu. Usiamini jina la benki linalotokea kwenye skrini, linaigizika. Piga wewe mwenyewe namba ya simu ya benki iliyo nyuma ya kadi. Ukishateleza, usikae na aibu yako hadi asubuhi kama nilivyofanya mimi: piga benki dakika hiyo hiyo kadi ifungwe, na ile meseji usiifute.