Jinsi ya Kupima Inesha ya Kitu kwa Bapa la Msumeno

Inesha ni tabia ya kila kitu chenye masi, yaani kiasi cha maada, kukataa kubadilishiwa mwendo, na masi ndiyo kipimo chake: kilichotulia huendelea kutulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile katika mstari mnyoofu, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe. Wanafunzi wengi huikariri kauli hiyo, lakini wakiambiwa waipime inesha hukimbilia mizani ya kawaida, ambayo kwa hakika hupima jinsi dunia inavyokivuta kitu. Njia iliyo nyoofu zaidi ni kukitikisa.

Chukua bapa la msumeno wa kukatia chuma, lizungushie meno utepe wa kunata yasikukate, kisha libane kwa jiriwa kwenye ukingo wa meza imara, sehemu kubwa ikitokeza nje na meno yakitazama chini. Mkao huu una sababu: bapa litacheza kulia na kushoto, si juu na chini, hivyo uzito wa kitu hauna mkono katika kulirudisha katikati, na kazi hiyo hufanywa na unyumbufu wa chuma peke yake.

Funga kwenye ncha ya bapa kitu ambacho masi yake unaijua, tuseme gramu 50, kwa kukaza sana, kwani kikilegea vipimo vyote vitaharibika. Livute bapa kidogo upande mmoja, liachie, kisha pima muda wa mitetemo 20, kila mtetemo ukiwa ni kwenda na kurudi, na ugawanye kwa 20. Usipime mtetemo mmoja tu, maana kidole hakina wepesi wa kutosha kwenye kitufe cha saa. Rudia kwa masi nyingine kadhaa unazozijua, bila kuigusa jiriwa, kwa sababu urefu wa bapa ukibadilika itakubidi uanze upya.

Masi ikiongezeka, mtetemo huchukua muda mrefu zaidi, lakini hauongezeki kwa uwiano sawa: mraba wa muda ndio unaokwenda sambamba na masi. Kwa hiyo chora grafu ya mraba wa muda dhidi ya masi. Utapata mstari mnyoofu usiopita kwenye sifuri, nalo si kosa, kwani bapa nalo lina inesha yake.

Tuseme gramu 50 zilitumia sekunde 0.60 kwa mtetemo, na gramu 100 zikatumia 0.81. Kitu usichokijua kikitumia sekunde 0.70, mraba wake ni 0.49, na grafu itakupa gramu 72 hivi. Ungepata jibu hilohilo hata mwezini. Kwa kanuni hiihii, wanaanga wa kituo cha Skylab, kilichorushwa na Marekani mwaka 1973, walipima masi za miili yao wakitikiswa juu ya kiti chenye springi, kwa kuwa mizani ya kukanyaga isingewasomea chochote.