Kabla ya Upasuaji wa Flapu ya Mguu: Mambo ya Kuzingatia kwa Mgonjwa na Jamaa Zake

Jeraha la muundi lililoacha mfupa wazi, liwe limetokana na kuanguka mkarafuuni au kugongwa na bodaboda, kwa kawaida halifunikwi kwa ngozi nyembamba inayobanduliwa pajani, kwa kuwa ngozi hiyo hulishwa na damu ya mahali inapobandikwa, na mfupa uliochunika utando wake hauna cha kuilisha. Hapo daktari hutaja flapu, yaani kipande cha ngozi na mafuta, wakati mwingine pamoja na msuli, kinachohamishwa kikiwa na mishipa yake ya damu. Matayarisho ya mgonjwa, karibu yote, yanahusu damu hiyo ifike na irudi bila ya kizuizi.

La mwanzo ni muda. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 532 wa Marko Godina, daktari wa upasuaji wa Ljubljana, mji wa Slovenia: waliofunikwa jeraha ndani ya saa 72 walipoteza flapu kwa chini ya asilimia 1, na waliofunikwa baada ya hapo, hadi miezi 3, kwa asilimia 12. Mgonjwa wa Micheweni au Makunduchi hawezi kila mara kuziwahi saa hizo, hasa rufaa inapomlazimu kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, lakini anaweza kuepuka kuzimaliza kwa fundi wa mifupa na dawa za majani. Aende hospitali siku ile ile, jeraha limefunikwa kwa kitambaa safi tu, na jamaa waulize mapema wapi yupo bingwa wa upasuaji huu, nani atagharimia safari, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar unalipia nini kwa aliye mwanachama.

Chini ya goti damu hupita katika ateri kuu tatu, na daktari atataka kujua zipi zimesalimika, kwa kugusa mapigo, kwa kifaa cha dopla kinachosikiliza mwendo wa damu, au kwa picha ya mishipa inayopigwa kwa mashine ya CT. Mgonjwa naye aeleze bila ya kificho maradhi ya sukari, shinikizo la damu, na maumivu ya shavu la mguu yanayomjia akitembea. Aje na dawa zake zote mkononi, zikiwamo za kuzuia damu kuganda na za mitishamba, na asiache hata moja kwa uamuzi wake.

Tumbaku inastahili maneno zaidi, maana ndipo watu wanapojidanganya. Nikotini hubana mishipa midogo, ile ile inayotegemewa na flapu, na haijali imeingia kwa njia gani: sigara, ugoro, au tumbaku inayotiwa ndani ya tambuu, ambayo bibi mzee hataihesabu kuwa ni uvutaji akiulizwa na muuguzi. Basi jamaa amsemee. Upasuaji wa kupangwa unataka angalau wiki 4 bila ya tumbaku. Wa dharura hauna wiki 4, kwa hiyo inaachwa siku ile ile na hairudiwi mpaka jeraha lipone. Mirungi nayo hubana mishipa, na ni bora kumtajia daktari kuliko kuificha kwa kuogopa sheria.

Ulizeni pia flapu itatoka wapi na itaacha nini. Theluthi ya juu ya muundi mara nyingi hufunikwa kwa msuli wa shavu la mguu, ya kati kwa msuli wa soleusi ulio chini yake. Theluthi ya chini na kisigino ndipo penye shida, kwani hapana nyama ya kukopa. Huko hutumika flapu ya surali inayogeuzwa kutoka nyuma ya mguu, ambayo huweza kuacha ganzi ukingo wa nje wa wayo, au flapu huru inayotolewa mbali, kama pajani au mgongoni, na kuungwa mishipa chini ya hadubini kwa saa nyingi. Pasipo hadubini ipo njia ya zamani ya kuunganisha miguu miwili kwa karibu wiki 3, flapu ya mguu usioumia ikiwa imeshonwa kwenye jeraha mpaka ishike, na mgonjwa aijue kabla hajaikubali. Flapu ikifa, mpango wa pili ni upi? Jibu linaweza kuwa kukatwa mguu, na ni afadhali lisikike mapema.

Chakula hukoma saa 6 kabla ya usingizi na maji matupu saa 2, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Hina na piko zisipakwe miguuni wala kwenye kucha, kwani siku ya kwanza wauguzi hutazama rangi na joto kila saa. Flapu baridi iliyopauka inakosa damu. Iliyovimba na kuwa zambarau, damu yake hairudi. Anayemuuguza azijue dalili hizo na aite mtu bila ya kuona haya, hata usiku wa manane.

Nyumbani patayarishwe kabla ya kulazwa. Mguu utakaa juu ya mito kwa siku kadhaa, kisha utateremshwa kwa dakika chache chache, kwa hiyo ngazi za nyumba za Mji Mkongwe na choo cha kuchuchumaa havitamfaa. Namna ya kutawadha penye bandeji na kusali akiwa amelala aulizwe shekhe mapema.

Wazee wenye mazoea ya kukanda waambiwe nao: flapu mara nyingi haina hisia, na maji ya moto huiunguza bila ya mgonjwa kusikia. Isikandwe wala isipakwe liwa au mafuta ya karafuu mpaka daktari aruhusu. Ikiwa imewekwa kisigino au wayo, kitafutwe kiatu laini kilichoziba badala ya ndara, na wayo ukaguliwe kwa kioo kila jioni.