Faili zikae wapi? Mambo ya kukubaliana kabla ya kuanza mradi wa programu

Tuseme mko watatu: mmoja Iyunga, mwingine Uyole, wa tatu yuko Iringa mjini, na mnataka kutengeneza programu ya bei za parachichi za Rungwe. Kabla hamjaandika mstari wowote, kubalianeni folda kuu ya mradi ni ipi, na kila njia ya faili, yaani anwani inayoonyesha faili iko wapi, ihesabiwe kuanzia hapo. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Ukiandika ndani ya programu kwamba data iko C:\Users\jinalako\Desktop\bei.csv, faili hiyo iko kwako peke yako. Mwenzako wa Iringa ataona kosa tu.

Andika data/bei.csv, lakini kuwa makini. Njia fupi namna hiyo kwa kawaida husomwa kutokea kwenye folda ulipotolea amri, wala si pale ilipo faili ya programu. Ukitoa amri ukiwa folda nyingine, inagoma. Dawa yake ni programu ijitafutie folda kuu kwa kuanzia mahali ilipo faili yake yenyewe. Mkiandika programu kwa Python kuna pathlib kwa kazi hiyo, kwa JavaScript ya Node.js kuna moduli ya path. Zote mbili hukuondolea pia usumbufu wa mkwaju, ile alama inayotenganisha folda, maana Windows huandika unaolalia kushoto (\) na Linux unaolalia kulia (/).

Majina yawe ya herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati. Kwa kawaida Windows huona Mazao.js na mazao.js ni kitu kimoja. Linux huona ni faili mbili. Ndiyo maana kazi inayokwenda vizuri kwenye laptop hufia kwenye seva, kwa kuwa seva nyingi ni za Linux. Msirundike folda ndani ya folda pia: programu nyingi za Windows bado hukwama njia ikifika herufi 260.

Halafu Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi. Faili ya .gitignore, yenye orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze, iandikwe kabla ya kuhifadhi chochote, itaje node_modules, folda ya vifurushi vya Node.js ambayo hula bando bure, na .env, faili yenye nywila. Nywila ikishaingia kwenye historia, kufuta faili hakusaidii. Badilisheni nywila yenyewe, mara moja. Folda tupu Git haiihifadhi, kwa hiyo wekeni ndani yake faili ndogo, wengi huiita .gitkeep. Picha kubwa za mashambani zikae kwingine, kwani GitHub, tovuti ya kuwekea miradi ya Git, hukataa faili inayozidi MB 100.

Mkimaliza mpangilio huo, wa Iringa apakue mradi upya kwenye folda yenye jina tofauti, afuate maelezo ya README (faili ya maelekezo ya mradi) peke yake bila kuwapigia simu, kisha auendeshe. Mradi ukigoma, rekebisheni siku hiyo hiyo, faili zikiwa bado chache.