Somo: Vipimo vya begi la mkononi na mkoba wa chini ya kiti kwa msafiri wa mzigo mwepesi

Abiria wengi huuliza swali moja tu, kwamba begi langu linaruhusiwa au haliruhusiwi, ilhali shirika la ndege hutazama mambo matatu: idadi ya mizigo uliyobeba, vipimo vya kila mmoja, na uzito wake. Begi linaweza kuwa dogo kabisa likakataliwa kwa uzito, na linaweza kuwa jepesi kama unyoya likakataliwa kwa sababu limezidi sentimita mbili upande mmoja. Ili somo lisielee hewani, tuchukue safari moja: Dar es Salaam hadi London kwa Qatar Airways kupitia Doha, halafu, kwa tiketi nyingine iliyokatwa peke yake, Stansted, mojawapo ya viwanja vya London, hadi Dublin kwa Ryanair.

Hatua ya kwanza ni kujua nani hasa anarusha ndege na tiketi yako ni ya aina gani. Tiketi huweza kuuzwa na shirika moja na ndege ikarushwa na jingine, na kwa mizigo ya mkononi watakaokusimamisha ni wale wanaoirusha, kwa hiyo soma yale maandishi madogo chini ya namba ya safari. Soma pia jina la aina ya nauli, kwa kuwa nauli ya chini kabisa mara nyingi imepunguzwa bei kwa kuondolewa begi.

Hatua ya pili, andika namba za kila kipande cha safari kwenye karatasi moja. Qatar Airways, kwa daraja la kawaida, inaruhusu begi moja la kilo 7 lisilozidi sentimita 50 kwa 37 kwa 25, pamoja na kitu kimoja kidogo kama mkoba wa mkononi au begi la kompyuta. Ryanair, kwa nauli ya msingi, inakupa mkoba mmoja tu wa kuingia chini ya kiti cha mbele, usiozidi 40 kwa 30 kwa 20. Hadi mwaka 2025 ulikuwa 40 kwa 25 kwa 20, ndiyo maana maelezo ya zamani bado yanawachanganya watu. Ukilipia huduma yao ya kupanda mapema unaongezewa begi la kilo 10 la 55 kwa 40 kwa 20, linalokaa kwenye kabati la juu. Kwa kulinganisha, Emirates nao ni kilo 7, Turkish Airlines kilo 8, na KLM hutoa kilo 12 lakini hizo ni za begi na mkoba kwa pamoja. Namba hizi hubadilishwa, kwa hiyo zihakiki kwenye tovuti ya shirika lenyewe wiki ya safari, wala usitegemee picha inayozunguka kwenye WhatsApp.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaponyoka wengi, nami nitakaa hapo kidogo. Watu hudhani kwamba begi lililokubaliwa na shirika kali litakubaliwa kokote, lakini ukali hauko upande mmoja. Tazama namba zetu tena. Begi la Qatar lililojaa vipimo vyake lina unene wa sentimita 25, na Ryanair, hata baada ya kuwalipa, wanataka 20. Begi la kulipia la Ryanair nalo lina urefu wa 55, na Qatar wanataka 50. Kila moja linafeli kwa mwenzake. Njia sahihi ni kuchukua namba ndogo kwa kila upande: urefu 50, upana 37, unene 20. Begi la vipimo hivyo linapita pande zote mbili, na lina ujazo wa lita 37. Asiyetaka kulipia chochote Stansted atashuka hadi 40 kwa 30 kwa 20, yaani lita 24, ambazo kwa maoni yangu zinatosha safari ya wiki moja kwa mtu aliye tayari kufua.

Hatua ya nne ni kupima begi likiwa limeshajazwa, kwa futikamba ya fundi cherehani, kuanzia chini ya magurudumu hadi ncha ya mpini uliokunjwa. Lebo ya dukani mara nyingi hutaja mwili wa begi bila magurudumu, na kile kisanduku cha chuma cha kupimia pale langoni hakisomi lebo. Begi la kitambaa nalo hutuna mbele unapojaza mfuko wa nje; toa daftari na chaja kwenye mfuko huo, weka mkono juu yake, upime upya. Kuhusu uzito, panda kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa na begi, kisha bila begi, utoe tofauti. Begi gumu la magurudumu huweza kula kilo 2 na nusu likiwa tupu, na kwenye kilo 7 hizo si chache, ndiyo sababu napendekeza begi la mgongoni.

Hatua ya tano inahusu ukaguzi wa usalama, ambao hauna uhusiano na shirika la ndege. Kanuni ya majimaji ilianza mwaka 2006 baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji. Kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vikae ndani ya mfuko angavu wa lita moja unaofungika. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo: chupa ya mililita 200 iliyobaki robo inatupwa. Baadhi ya viwanja vya Ulaya vyenye mashine mpya vimelegeza kanuni hii, lakini utakaguliwa pia kwenye uwanja wa kurudia, kwa hiyo usipange safari kwa kipimo cha uwanja uliolegea. Wageni wanaoingia Tanzania wasihofu kuhusu mfuko huo angavu, kwani katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 liliuruhusu kwa vifaa vya usafi wa mwili mradi msafiri abaki nao. Mifuko ya nailoni ya kubebea bidhaa ndiyo isiyoruhusiwa.

Pawabenki lazima iwe mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, yaani ule unaokabidhiwa na kukaa tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha uwezo wake ulioandikwa kwa mAh kwa volti, ugawe kwa 1,000: yenye mAh 20,000 kwa volti 3.7 inatoa wati-saa 74, inapita. Tangu Oktoba 2025 Emirates wameruhusu moja tu kwa abiria, na hairuhusiwi kutumika angani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwanangu, mimi niko Tanga, nakwenda kwa binti yangu Manchester. Achari ya embe, mafuta ya nazi na halua vitapita mkononi?

Jibu: Shikamoo mama. Achari na mafuta ya nazi huhesabiwa kuwa majimaji, na mafuta yaliyoganda kwa baridi hayabadilishi hukumu. Halua nayo ni laini, mkaguzi anaweza kuiweka kundi hilo hilo, kwa hiyo vyote vitatu vifunge vizuri uviweke kwenye mzigo wa chini. Korosho na ubuyu mkavu havina tatizo la majimaji. Nyama, hata iliyokaushwa, pamoja na bidhaa za maziwa, usibebe kabisa, kwa sababu forodha ya Uingereza haiziruhusu kutoka kwetu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikivaa koti lenye mifuko mingi nikajaza chaja na vitabu, watanipima?

Jibu: Marahaba. Ulichovaa kwa kawaida hakipimwi, na viatu vizito pia ni bora uvivae kuliko kuvipakia. Ila koti likishikwa mkononi huku limefungwa kama furushi, mhudumu ana haki ya kulihesabu kuwa mzigo wa pili.

Swali: Begi langu lilikuwa ndani ya kipimo, lakini langoni wakasema ndege imejaa na litashushwa chini. Ni halali?

Jibu: Ndiyo, hutokea, na kwa begi lililo ndani ya kipimo kwa kawaida hulipi. Kabla hujalikabidhi toa pawabenki, dawa, pasipoti, fedha na kompyuta, ndiyo maana inafaa vitu hivyo vikae tangu nyumbani kwenye kifuko kimoja kinachochomoka mara moja. Dai kitambulisho cha begi, na uulize kama utalichukua mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda wa mizigo.

Swali: Niko Chicago, nimekata tiketi ya United ya Basic Economy kwenda Houston. Begi langu lina kilo 6 tu.

Jibu: Ndugu, mashirika makubwa ya Marekani kwa kawaida hayashughulikii sana uzito wa begi la mkononi, tatizo lako ni idadi. Kwa nauli hiyo, ambayo ndiyo yao ya chini kabisa, kwenye safari za ndani, unaruhusiwa mkoba wa chini ya kiti peke yake, usiozidi sentimita 43 kwa 25 kwa 22. Begi la kabati la juu litakugharimu zaidi ukifika nalo langoni kuliko ukilisajili mapema.

Swali: Je, ndege ndogo za kwenda Serengeti au Mafia zina kanuni hizi hizi?

Jibu: Hapana. Kwenye Cessna Caravan na nyinginezo za aina hiyo kikomo kilichozoeleka ni kilo 15 kwa mizigo yako yote, ule wa mkononi ukiwa ndani yake, na wanataka begi laini lisilo na fremu wala magurudumu, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu na begi gumu halikunjiki kuingia humo. Mwenye sanduku gumu aulize mapema kama kampuni itamhifadhia Arusha au Dar hadi atakaporudi.