Kuosha na kung'arisha ndege ndogo ya injini mbili: soma uchafu kabla hujaufuta

Mtu aliyezoea kuosha magari akipewa ndege ya injini mbili kitu cha kwanza anatafuta bomba la maji, na hapo ndo kazi inapoharibika. Iwe Baron, Seneca, Navajo, Cessna 310 au DA42, uchafu uliopo kwenye bodi una habari ndani yake na kitambaa chako kikishapita habari hiyo imeondoka, fundi hataiona tena. Kwa hiyo kabla ya kulowesha chochote chukua tochi na simu ya kupigia picha, zunguka ndege nzima polepole, chuchumaa chini ya mabawa, angalia.

Unaangalia nini? Petroli ya ndege ya 100LL imetiwa rangi ya bluu makusudi, ikivuja na kukauka inaacha doa la bluu, mara nyingi chini ya bawa kwenye maungio ya tangi. Wekundu kwenye miguu ya ndege au kwenye sehemu magurudumu yanakoingilia, hayo ni mafuta ya hidroliki. Ukiona mchirizi mweusi wa kijivu umeanzia kwenye kichwa cha riveti ukaelekea nyuma, riveti hiyo inacheza kwenye tundu lake na unga unaouona ni alumini inayosagika, usiifute, piga picha kwanza umwite fundi. Halafu uzuri wa injini mbili ni kwamba una kitu cha kulinganisha: masizi na mafuta ya upande wa kulia na wa kushoto yanatakiwa yakaribiane, upande mmoja ukiwa mweusi tii au umelowa oili wakati mwenzake ni mkavu, andika. Hata kama siyo kazi yako kutengeneza, we ndo mtu utakayeigusa ndege hiyo kila inchi.

Sasa usalama, na hapa naomba tuelewane vizuri. Injini nyingi za pistoni zina magineto ambayo yanatoa cheche yenyewe bila betri, na waya wa kuyazima ukikatika swichi inaweza kusoma imezimwa wakati magineto iko hai. Yaani propela ukiizungusha kwa mkono ili upate nafasi nzuri ya kufuta, injini inaweza kuwaka. Hakikisha swichi zote za magineto zimezimwa, funguo zimetolewa na zimewekwa mahali zinapoonekana, na bado propela zote mbili uzihesabu ni hai, hupiti kwenye duara lake bila sababu na huzizungushi, zikihitaji kuzungushwa mwite rubani au fundi. Injini ziwe zimepoa pia, na bomba la pito (kale kamrija kanakopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo) likiwa limetoka kuwashiwa hita linaunguza vibaya.

Kufunika. Bomba la pito lifunikwe kwa kava lake, vitundu vya stati (vile vidogo vya ubavuni vinavyopima presha ya hewa ya nje, usipovitafuta huvioni) vifunikwe, matundu ya hewa ya injini yawekewe plagi, matundu ya kupumulia ya tangi za mafuta yasipigwe maji kwa chini. Kale kakipande kepesi ka bati ka kuonya bawa likitaka kupoteza nguvu ya kubeba ndege, kako ukingo wa mbele wa bawa, kanapinda kwa kuguswa tu na sponji. Kama ndege ina kava zake zenye utepe mwekundu tumia hizo, kama huna ndo unatumia tepu, lakini iwe ya rangi inayoonekana toka mbali na iwe na mkia mrefu unaoning'inia, na uandike kwenye karatasi umebandika ngapi na wapi. Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya AeroPerú, safari namba 603, ilipaa usiku kutoka Lima huku vitundu vyake vya stati vimezibwa na tepu iliyowekwa wakati wa kuiosha na kuing'arisha, altimita (kipima kimo) na vipima mwendo vikawa vinatoa taarifa za uongo, marubani gizani juu ya bahari hawakujua waamini nini, na watu wote 70 waliokuwemo walikufa. Tepu ilikuwa ya rangi ya fedha juu ya bodi ya rangi ya fedha. Ndege yako ndogo ina vitundu hivyohivyo.

Maji yenyewe: ndoo, sponji, bomba la kawaida. Mashine ya presha iache, inasukuma maji ndani ya beringi, bawaba na maungio ya umeme, na inatoa grisi mahali ambapo grisi ilitakiwa ibaki. Osha kivulini bodi ikiwa ya baridi maana sabuni ikikaukia kwenye rangi inaacha alama. Sabuni isiwe kali, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege na inayosema wazi haili alumini, zile dawa kali za kusafishia injini za magari na sakafu za gereji nyingi zina alkali inayokula alumini, na maji ya bliichi usiyasogeze kabisa. Paka sabuni kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isikaukie sehemu ambayo haijalowa, kisha suuza kuanzia juu kwenda chini. Wadudu waliokauka kwenye ukingo wa mbele wa mabawa usiwakwangue, laza taulo lililolowa juu yao kwa dakika kadhaa, wenyewe wanalainika. Na waya wa chuma wa kusugulia usiguse alumini hata siku moja, vipande vyake vinabaki vimejichimbia na kutu inaanzia hapo.

Tumbo na nyuma ya nyumba za injini ndo kazi kubwa ilipo, ndo inayokula muda. Pale kuna oili, grisi, na masizi ya ekzosi ambayo kwa ndege zinazotumia 100LL yana risasi (ile metali yenye sumu) ndani yake, kwa hiyo vaa glavu na miwani, usikwangue yakiwa makavu ukavuta vumbi lake, usile chochote mpaka umenawa. Masizi haya pia yakikaa muda mrefu yanakula rangi na alumini chini yake. Pulizia dawa ya kukata mafuta eneo dogo, iache ifanye kazi bila kukauka, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, geuza upande, kikichafuka tupa kwenye ndoo ya vichafu uchukue kingine, maana kitambaa chenye mchanga kinachora rangi. Flapu nyuma ya injini zikague kwa ndani pia, masizi yanapenda kujificha pale. Ukiwa huko chini tafuta vile vitundu vidogo vya kutolea maji, chini ya bodi na kwenye eilaroni na eleveta (zile sehemu zinazocheza nyuma ya mabawa na mkiani), vizibue kama vimejaa matope au waksi, maji yakibaki ndani yanaleta kutu na kwenye eleveta yanaharibu mizani yake. Ndani ya kava za injini usipulizie maji wala dawa, hiyo ni ya fundi.

Miguu ya ndege ifute kwa kitambaa, siyo bomba. Ile nguzo ya shokapu inayong'aa ifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo hidroliki ileile inayotumika humo, mchanga ukikaa pale unakata sili na mguu unaanza kuvuja. Propela ifute ubapa wake ukiwa umeelekea chini ili maji yasitiririkie kwenye kitovu, na ukikuta ukingo wake umeng'oka kidogo usiupige msasa, mwonyeshe fundi kwa sababu ufa unaanzia hapohapo.

Vioo sasa, na hapa ndo wengi wanaharibu mali ya watu. Siyo kioo, ni akriliki, aina ya plastiki, laini kuliko unavyodhani. Dawa ya vioo vya nyumbani yenye amonia inakiletea vijiufa vyembamba visivyotoka tena, petroli na asetoni vivyo hivyo, na karatasi za tishu zinachora. Mwaga maji mengi kwanza mchanga uondoke, vua pete na saa, pitisha mkono mtupu na maji ya sabuni laini, mkono unausikia mchanga ambao sponji ingeukokota tu. Halafu kausha kwa kitambaa safi kilichotengwa kwa ajili ya vioo peke yake, na polishi ya akriliki uipitishe juu chini kwa mistari iliyonyooka, usizungushe, maana mikwaruzo ya duara jua likimpiga rubani usoni inawaka mbele yake wakati anatafuta njia ya kutua.

Ndege yenye raba nyeusi za kuvunja barafu, zile raba ni sabuni laini na maji tu, kisha dawa yake maalumu, waksi ya bodi na mafuta ya petroli haviruhusiwi. Kung'arisha bodi tumia mashine inayozunguka na kuyumba, zile za kuzunguka tu zinaunguza rangi juu ya vichwa vya riveti haraka sana. Rangi mpya isipakwe waksi mpaka muda aliosema mtengeneza rangi upite. Na pale juu ya bawa watu wanapokanyaga pabaki pakavu bila waksi, mtu asiteleze.

Ndani piga picha ya dashibodi kabla hujagusa kitu, swichi na fyuzi zote zibaki zilivyokuwa. Usipulizie dawa kwenye dashibodi, pulizia kwenye kitambaa. Skrini zina ngozi nyembamba ya kuzuia mng'ao ambayo amonia inaiharibu. Mikanda ya viti ni sabuni laini tu, bliichi inadhoofisha uzi. Pedali za miguu zisipakwe kitu chochote cha kung'arisha. Kama kuna mfumo wa oksijeni, mafuta na grisi visikaribie maungio yake, oksijeni na mafuta vikikutana vinawaka. Viti na kapeti mara nyingi vimewekewa dawa ya kuzuia moto, kwa hiyo angalia shampuu unayotumia isije ikaitoa.

Kukabidhi: toa kava na tepu ukifuata karatasi yako mpaka hesabu itimie, gusa kila tundu la stati kwa kidole, na mwombe rubani au fundi naye apitie. Mpe picha za madoa uliyoyakuta kabla ya kuosha. Mwambie pia kwamba ndege imeoshwa, vifuniko vya tangi vilivyozeeka vinapitisha maji, kwa hiyo achukue sampuli ya mafuta kwenye kila bomba la kutolea, na ndege ya injini mbili ina mengi, mabawa yote mawili mpaka aone mafuta masafi bila tone la maji chini ya chupa.