Kuhamisha samani za nyumbani kutoka Uingereza hadi Dar es Salaam

Wengi wanaorudi kuishi nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya kontena, ilhali kinachostahili kutangulia ni orodha ya mizigo, kwa kuwa ndiyo itakayosomwa na kila atakayeushughulikia mzigo huo, kuanzia kampuni ya meli hadi ofisa wa forodha. Pita chumba kwa chumba na kuliandika kila boksi namba. Boksi lililoandikwa "vitu mbalimbali" hualika maswali, lililoandikwa "Na. 17: sufuria 4, sahani 12, vimetumika" hujieleza lenyewe.

Orodha hiyo ina uzito zaidi kwa sababu ya ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inamsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi kwa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule alikotoka, mradi mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu afike, muda ambao unaweza kuongezwa kwa idhini. Kwa hiyo usinunue friji mpya wiki ya mwisho ukitumaini itapita pamoja na vilivyotumika, na tunza risiti za zamani.

Kisha chagua bila huruma. Vifaa vya umeme vya Uingereza hufanya kazi Tanzania kwa kuwa nchi zote mbili hutumia volti 230, tofauti na vya Marekani vya volti 120. Meza na vitanda vya mbao ngumu vinastahili safari, lakini kabati la maranda yaliyogandamizwa ni afadhali uligawe, kwani likishafunguliwa skrubu matundu yake hulegea na halisimami tena imara.

Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33. Mwenye mzigo mdogo achangie kontena na wengine. Fungua miguu ya meza na mbavu za kitanda, tia skrubu za kila samani katika kifuko chake, andika jina la samani hiyo, kisha kifunge kwenye mguu wake kwa kamba. Kreti za mbao ziwe na mhuri wa ISPM 15 unaoonyesha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu.

Adui mkubwa baharini ni unyevu. Kochi letu lilizungushiwa nailoni tupu, na tulipolifungua mgongo wote ulikuwa umeota ukungu, kwa sababu jasho la kontena, yaani matone ya unyevu yanayojitokeza ndani yake, lilinaswa ndani ya nailoni. Tanguliza blanketi au karatasi nene, hakikisha kila kitu kimekauka kabisa kabla ya kufungwa, na utundike vifuko vya kufyonza unyevu. Ukikata bima, uliza kwanza kama inafidia vilivyovunjika ndani ya maboksi uliyofunga mwenyewe, maana mara nyingi haifidii.

Mpate wakala wa forodha mwenye leseni kabla meli haijaondoka, umtumie nakala za pasipoti, orodha na hati ya shehena (ile inayotolewa na kampuni ya meli kuthibitisha imepokea mzigo) mapema, kwa sababu siku za bure bandarini ni chache na tozo za kuhifadhi huongezeka kila siku. Kontena likifika mlangoni, linganisha namba ya lakiri, yaani kifungo kilichofunga mlango wa kontena, na iliyoandikwa kwenye hati ya shehena, uipige picha, ndipo uruhusu ikatwe.