Unaenda kusoma uhusiano wa kimataifa? Anza na dagaa wa Kibirizi

Wadogo zangu mliomaliza fomu siksi huku Kigoma na mmeweka uhusiano wa kimataifa au sera za umma kwenye machaguo ya chuo, naomba mnisikilize kidogo, maana mimi mwaka wa kwanza nilikesha na madesa (noti za kunakili) nikakariri kila kitu na bado nikapata sapu mbili (mitihani ya kurudia), na shida haikuwa akili, shida nilikuwa nasoma vitu sivioni.

Maombi nitapita haraka. Usichague kozi kwa jina, tafuta orodha ya masomo yake uisome yote. Anayetaka udiplomasia hasa kuna chuo cha Kurasini, Dar, kilianzishwa 1978 na Tanzania na Msumbiji na sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Mambo ya utawala wa umma yapo Mzumbe, na hapo jirani Tabora kuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Cheti cha kuzaliwa kahakiki RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, ukisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe utahangaika bure.

Asa ukishaingia utakutana na nadharia, na hapo ndo wengi wanapotelea. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nilienda Kibirizi kumwona mama mdogo, anauza dagaa pale mwaloni, nikakuta mabeseni yake kayafunika kwenye mchanga, moja kalikalia, akaniuliza, "Na Wakongo nao wamesimama?" Kisha akauliza, "Na sisi hii miezi mitatu tunakula nini?"

Swali la kwanza ndo uhusiano wa kimataifa wenyewe. Ziwa ni la nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, kwa hiyo ukisimama wewe na mwenzako akaendelea kuvua umejinyima ukamlisha yeye. Watu wa rializimu, nadharia ya kila nchi kujali maslahi yake kwanza, watakwambia kila nchi itaogopa kupunjwa, waliberali, wanaoamini nchi zinaweza kushirikiana, watakwambia ndo maana kuna mkataba wa 2003 na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika pale Bujumbura, ili nchi zikutane, zipashane habari na kila mmoja ajue mwenzake anafanya nini. Ukiweza kumweleza mama mdogo hayo bila kutaja neno la Kiingereza hata moja, jua umeelewa, semina nenda ukaongee.

Swali la pili ni sera za umma. Chukua daftari, andika tatizo ni nini, nani kaamua, kulikuwa na njia gani nyingine (kukamata nyavu za matundu madogo? kupunguza leseni?), gharama anabeba nani, na utajuaje kama imefaa. Hilo la gharama usiliruke, ndo linalonigusa mimi zaidi, kwa sababu kwenye makaratasi utaona samaki na tani, mwenye beseni humuoni. Uliza mwenyewe, andika bei ya fungu kabla na baada, asaimenti yako itakuwa na kitu ambacho hakipo kwenye desa la mtu yeyote.

Wa Tabora nao wasiseme hawana ziwa, Ulyankulu wanayo mada nzito kabisa, wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliopewa uraia, mwaka 2014 walitangazwa zaidi ya 160,000 pamoja na wa Katumba na Mishamo.

Kusoma soma nyaraka zenyewe, mkataba, hotuba ya bajeti ya wizara, Hansadi ya Bunge (kumbukumbu za yanayosemwa humo), zipo bure mtandaoni. Kwenye mkataba angalia nchi "zitafanya" au "zitajitahidi", kesi nzima inaweza kulala kwenye hilo neno moja. Na Kifaransa jifunze tangu mwaka wa kwanza, sisi tuna Wakongo na Warundi sokoni kila siku, mtu wa Dar analipia darasa wewe unaongea huku unapima mawese.

Fildi usingoje wiki ya mwisho. Ukitaka kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuna kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani na kinachukua muda, kwa hiyo barua ya chuo iombe mapema, toa kopi tatu, na hakikisha ina muhuri kabla hujapanda treni.